Mbwa Kofia na Meno ya Panya

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Bibi yangu wa ndoa, Vahwere, ameniambia wakati wa chai: mama yake, Mama Musoki, anakuja kutoka Butembo siku ya Ijumaa. Kukaa. Si kusalimia, kukaa! Nikauliza atalala wapi. Vahwere akaangalia mulango wa chumba kidogo, akaniangalia mimi, akaendelea kutwanga majani ya sombe. Nikaelewa.

Chumba kidogo ni cha filamu zangu. Bobini kumi na moja, kila moja ndani ya kasha lake la chuma, dogo kama kifuniko cha kopo la maziwa. Pamoja nazo projekta ya kuzungusha na mukono. Nilivipata vyote soko la Kpandroma, kwa muuzaji aliyeapa kwamba ile ni mashini ya kusaga kahawa. Nilimupa radio ya nyumba. Mwaka wa pili huu, na Vahwere bado anaililia ile radio.

Hawezi kuelewa. Hizi ni katuni bubu, za karibu miaka mia moja! Hazina sauti na hazikuwahi kuwa nayo. Matundu ya kuvutia filamu yako katikati, kati ya picha na picha, si pembeni kama filamu nyingine. Kuna bwana mumoja wa Kampala, tunaandikiana kwenye simu. Yeye iko nazo tatu tu na anajivuna kama askofu. Mimi kumi na moja. Na ya kwanza kati yazo ni Mbwa Kofia. Inaanza na mukono wa mutu unaochora duara kwa wino. Duara linakuwa pua. Pua inanusa ule mukono. Kisha mvua inanyesha, na Mbwa Kofia anaikunja mvua yote kama shuka, anaitia ndani ya kofia, anavaa, anakwenda zake. Mutu alikaa akachora hayo yote picha moja moja! Nimeiona mara mia, na bado nacheka peke yangu ndani ya kile chumba mpaka majirani wanakohoa.

Vahwere amesema neno la mwisho: kitakachobaki chumbani mpaka Jumapili, yeye mwenyewe atakirudisha Kpandroma na kuomba radio yake.

Bon. Nina mupango. Nyuma ya sala ya parokia, ukumbi wa mikutano, kuna chumba kitupu, zamani cha kuweka viti. Komite inataka kukitoa kwa mukusanyo mumoja wa vitu vya zamani, watu wawe wanakuja kuutazama. Jumamosi muchana kila mutu ataonyesha vyake, halafu sala itainua mikono kuchagua. Tuko wawili tu: mimi, na Fiacre anayetengeneza kinga, ni kusema baiskeli, kule chini ya avenue yetu. Yeye anakusanya vibao vya kodi, vile ambavyo kila kinga ilipaswa kuvaa wakati wa Wabelgiji. Vyuma vyenye namba! Nimekwisha kushinda.

Jumanne, 4 Novemba

Musiba. Panya!

Nimefungua bobini zote nizipanguze. Kumbe pembeni mwa filamu kuna vipengo vidogo, kama meno yamepita. Mbwa Kofia peke yake iko navyo kumi na vinne. Na jambo la ajabu: kila kipengo kiko penye maandishi, pale ambapo katuni inaonyesha maneno badala ya picha. Penye picha hakuna hata kimoja. Nimeketi nikafikiri saa nzima, na jibu limekuja. Wino wa herufi ni mutamu. Panya wa Kpandroma wanakula maneno.

Na sasa naelewa ile shida nyingine! Tangu siku ya kwanza projekta inagoma penye maandishi. Nazungusha, nazungusha, na maneno yanabaki palepale ukutani, sekunde tano, sekunde sita, ndipo picha inakubali kuendelea. Mbele ya sala nzima ingekuwa haya kubwa. Sababu ni vipengo. Filamu iliyoliwa haiwezi kutembea vizuri, hata mutoto wa école maternelle anajua.

Mutu mwingine angelia. Mimi iko na sekretaria yangu karibu na rond-point, duka la photocopie na la kutia karatasi plastiki, na mukono mwepesi. Nimekata vipande vya plastiki, vidogo kuliko ukucha wa mutoto, nikaziba kila kipengo na kubandika kwa vernis, ile wanawake wanapaka kwenye kucha. Vernis nilikwenda kuomba kwa Elodie wa saluni. Alikuwa na nyekundu tu. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya mbwa. Akanipa bila kuuliza tena.

Bobini kumi zimepona. Ya kumi na moja imebaki vilevile, chupa iliisha. Nimeweka sumu ya panya nyuma ya mulango.

Nani mwingine hapa Bunia angeweza kazi hii? Hakuna.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna panya hata mumoja aliyekufa. Wamesikia habari zangu, wamehama.

Nimekwenda kwa Mama Bernadette, directrice wa zamani wa shule, ambaye ni présidente wa komite. Nilimupelekea barua ya kurasa nne juu ya thamani ya katuni bubu, kila ukurasa umetiwa plastiki. Akaipima mukononi, akaiweka chini ya sahani ya ndizi. Akauliza neno moja tu: je, hizo picha zinasema? Nikamujibu hapana, na ndiyo heshima yake. Mutu anatazama kimya, kama alivyotaka muchoraji. Akasema amefundisha miaka thelathini na moja na bado hajaona sala ya Bunia ikinyamaza, hata ya mazishi.

Nikamuahidi kwamba Jumamosi ataiona. Nimerudi kazini nikachapa matangazo ishirini, herufi kubwa: KIMYA. FILAMU IKO BUBU, NA WEYE PIA.

Wakati wa kurudi nilipita kwa Fiacre, kwa bahati tu, mara tatu. Amepigilia vibao vyake kwenye ubao wa bluu na kuvisugua kwa ndimu na majivu. Vinang'aa, siwezi kukataa. Akanisalimia vizuri, akasema kama nahitaji mutu wa kubeba au wa kushika kitu Jumamosi, yeye yuko. Unafiki wa namna gani huu! Nimeambia wateja wawili kwamba vibao vya zamani vinaleta pepopunda. Baadaye nikajua mumoja wao ni kaka yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Majaribio. Projekta ilikufa taa tangu zamani, kwa hiyo natumia taa ya mbele ya pikipiki na batri yake. Inang'aa kuliko ya kwanza, nafikiri.

USHINDI! Filamu haigomi tena! Inatiririka. Maandishi yanapita kama umeme wa mvua, unaona weupe tu, yamekwisha. Sikuweza kusoma hata neno moja. Watu wa zamani walikuwa wanasoma haraka sana, kweli walisomeshwa vizuri.

Shida iliyobaki ni mwendo. Nikizungusha haraka, Mbwa Kofia anakimbia kama mutu anayedaiwa. Nikizungusha pole pole, mvua inatetemeka. Nimetafuta mwendo wake tangu asubuhi mpaka saa tisa, bila kula. Nimeupata mara moja, nikapiga chafya, nikaupoteza.

Mukono wa kuume umevimba kama muhogo. Vahwere amenikanda na maji ya moto, akauliza kama nimekwisha kutoa vitu chumbani. Nikauliza kama mama yake anakoroma. Akanikanda kwa nguvu zaidi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama mukwe amefika saa nne ya asubuhi. Nilitoka kwa mulango wa jikoni, nikagonga mbabula ya makaa, sufuria ya maharagwe ikaenda chini.

Watoto wa siku hizi hawajali, lakini mimi nililelewa. Kwetu mutu hatazami mama mukwe usoni. Hamugusi, hata ncha ya kidole. Hakai kwenye kiti alichokalia. Na akiwa na neno, neno linapita kwa bibi yake. Miaka kumi na sita ya ndoa, na mama mukwe namujua kwa viatu vyake na sauti yake. Nilimusalimia kutoka nyuma ya ukuta, kwa heshima zote. Akajibu vizuri. Sauti ni ya mama wa miaka themanini, lakini iko na nguvu.

Vitu vyangu bado viko chumbani, vinangoja maonyesho ya kesho. Nilivipanga vizuri, nikafunika na kikwembe, nikasema ni meza. Hazikupita dakika kumi, Vahwere akaja: mama anauliza ni mashini gani ile chini ya kikwembe. Kumweleza mama wa umri ule mambo ya sinema! Nikasema mwambie ni mashini ya kusaga nyama. Akaenda, akarudi: mama anasema vizuri sana, basi mulete nyama, siku nyingi hajaona ile mashini ikifanya kazi.

Nimenunua nyama. Ilibidi. Ikakatwa kwa kisu. Mama mukwe alikula bila neno, lakini nyuma ya ukuta nilisikia kicheko kidogo, na sikujua anacheka nini.

Mukono bado umevimba. Kesho utapona, hauna ruhusa nyingine.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwa mukono wa kushoto. Nitasema yote kwa mupango.

Sala ilijaa. Madirisha yamezibwa na vikwembe, shuka jeupe ukutani, matangazo yangu ishirini kila mahali. Fiacre alianza. Nilijiandaa kupiga miayo. Kumbe muzee mumoja akasimama katikati ya viti, akakaribia ule ubao, akaweka kidole kwenye kibao cha mwaka 1957. Namba ya kinga ya baba yake! Aliikariri toka mutoto. Akalia pale mbele ya watu. Hata mimi nilifuta macho, ni vumbi tu. Watu walipiga makofi mpaka Fiacre mwenyewe akainama chini kwa haya. Nikaona chumba kinakwenda. Nikaiona Kpandroma, na yule muuzaji anacheka.

Zamu yangu. Nikainama mbele ya watu, nikawasha taa ya pikipiki, nikazungusha. Mukono wa wino ukatokea. Duara. Pua. Halafu kiko changu cha mukono, pale unapokunjika, kikasema *kak*, na pua ikasimama ukutani. Nikajaribu na kushoto, ikarudi nyuma. Sala ikaanza kunong'ona. Fiacre akainuka aje kunisaidia. Afadhali kufa!

Lakini kabla hajafika, viatu ninavyovijua vikapita mbele yangu. Mama Musoki alikuwa ametoka kwenye kiti cha mbele. Akaketi kwenye kigoda changu. Akashika mukono wa projekta.

Ee Mungu wangu. Nifanye nini? Siwezi kumushika. Siwezi kumutazama. Siwezi kumwambia neno. Nikamwita Vahwere kwa ishara, nikamunong'oneza: mwambie mama asante sana, lakini aache. Vahwere akatembea hatua nne, akainama, akarudi: mama anasema usogee, unaziba mwanga. Na kweli kivuli changu kilikuwa kwenye shuka, nimemukalia Mbwa Kofia kichwani. Sala ikapasuka kwa kicheko. Nikarudi nyuma, uso nimeugeuza upande mwingine kwa heshima, nikagonga benchi, nikaanguka na tangazo la KIMYA mukononi. Wakacheka zaidi! Chini ya matangazo yangu mwenyewe!

Na yeye anazungusha. Mwendo ule niliotafuta siku nzima, yeye aliupata toka mara ya kwanza. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa ndani ya pua, pole pole, na mukono unafuata wimbo. Mvua ilinyesha vizuri, haikutetemeka. Maandishi yalipopita kama umeme, akasema kwa sauti, bila hata kuangalia ukuta:

"Mbwa Kofia anauliza: mvua hii iko ya nani? Kama haina mwenyewe, nitaivaa."

Watu walipiga miguu chini. Nikamutuma Vahwere: mwambie mama filamu iko bubu. Akaenda, akarudi, anajizuia kucheka:

"Mama anasema filamu iko bubu, yeye hapana."

Halafu mama akachukua bobini ya kumi na moja. Ile ambayo sikuitibu! Nikapiga ishara zote ninazojua. Nikavuka mikono, nikaonyesha meno, nikatembea kama panya. Sala ilinitazama mimi kuliko ukuta, wamama wengine walifuta machozi. Haikusaidia. Filamu ikafika penye maandishi, ikagoma. Ikasimama palepale. Nikasimama juu ya benchi kuomba radhi kwa hitilafu ya mashini, lakini hakuna aliyenisikia, kwa sababu Mama Bernadette alikuwa amesimama anaonyesha maneno na kidole chake, na sala nzima ilikuwa inasoma yale maneno ya Kifaransa kwa pamoja, kama darasa la tatu. Walipomaliza, picha ikaendelea yenyewe. Kila penye maandishi ni vilevile. Nilifunika uso.

Kisha mikono ikainuliwa. Sikuthubutu kuangalia. Vahwere ndiye aliyenigusa bega. Mikono kama shamba la mahindi! Fiacre mwenyewe aliinua wake kwa ajili yetu, na muzee wa kibao pia.

"Chumba ni cha filamu," Mama Bernadette akasema, "na ufunguo ni wa Mama Musoki."

Nimeshinda! Nimeshinda kabisa!

Jumapili, 9 Novemba

Katika misa watu kumi na saba wamenipongeza. Wawili waliniomba nianguke tena. Sijaelewa, lakini nimeshukuru.

Baada ya chakula Vahwere amenieleza habari za mama yake. Alipokuwa na miaka tisa, kule kwao kwenye misioni, kulikuwa na frère mumoja, bruda wa kanisa, mwenye projekta kama yangu. Kila Jumapili aliwaonyesha watoto Mbwa Kofia. Mukono wa frère ulichoka haraka, basi akatafuta mutoto mwenye mukono uliozoea jiwe la kusagia, na huyo alikuwa Musoki. Alizungusha miaka minne. Frère alisoma maandishi kwa Swahili na mutoto akayashika yote kichwani. Ile Ijumaa, chini ya kikwembe, aliitambua mashini kwa kuigusa tu. Hakusema, kwa sababu alitaka kwanza kula nyama.

Halafu Vahwere akasogeza sahani pembeni. Akasema tangu walipolazimika kuacha nyumba yao na shamba lao, hajasikia mama yake akicheka. Siku ya kwanza ni Ijumaa, nyuma ya ukuta. Ya pili ni jana. Sauti yake ilikatika, nikamushika mukono. Nami nilifurahi sana, kusema kweli machozi yalinitoka, na sikutafuta vumbi. Barua ya kurasa nne inaweza kufanya mambo makubwa.

Kuna neno moja tu nililolikataa. Mama anasema vile vipengo si meno ya panya. Eti vilikatwa kiwandani kwa makusudi. Eti ndani ya projekta kuna kijino cha chuma, kikiangukia kwenye kipengo, picha inasimama ili watu wapate kusoma, ndipo inaendelea. Eti mimi nimeziba macho ya filamu.

Nimesikiliza kwa heshima. Mama ni wa miaka themanini, amesafiri njia ndefu. Kiwanda gani kinaweza kuuma filamu yake chenyewe?

Jumatatu, 10 Novemba

Leo bobini zimehamia parokia, juu ya kinga ya Fiacre. Ameniuliza kama vibao vyake vinaweza kuning'inia kwenye ukuta mumoja wa chumba chetu. Mshindi ni lazima awe na moyo mukubwa, nikamukubalia. Nikaonyesha ukuta wa nyuma ya mulango. Mama Musoki, kupitia kwa Vahwere, amempa ule wa dirishani.

Chumba kidogo cha nyumbani sasa ni cha mama. Vahwere anaimba jikoni. Radio hajaitaja toka Jumamosi.

Ufunguo uko kwenye kamba, na kamba iko kwenye shingo ya mama mukwe. Duniani hakuna mahali pa usalama zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe siwezi hata kupaangalia. Nimemutuma Vahwere aombe niingie, nikatazame filamu zangu. Jibu limerudi: nitaingia siku nitakapokuwa nimeondoa ile nyekundu yote, bobini kumi, kipengo kwa kipengo. Amenipa ya kwanza nianze nayo. Mbwa Kofia.

Nimekubali kwa unyenyekevu mukubwa. Vahwere alinitazama kwa mapendo, akasema kumbe mutu anaweza kujifunza hata akiwa na ndevu nyeupe.

Saa kumi nikaenda kwa Elodie kuomba dawa ya kuondoa vernis. Alikuwa anafungua carton mupya kutoka Kampala. Na ndani ya carton, nikaiona! Vernis isiyo na rangi! Safi kama maji!

Hapo nikaelewa kosa langu lote. Ilikuwa rangi. Nyekundu inawaita panya kutoka mbali.

Nimechukua chupa tatu. Hii hakuna atakayeiona, wala panya, wala mama mukwe.